Mchezo wa Kutisha na Baba Mkwe Dirishani

Niseme mapema tusije tukagombana: mimi si mtu wa michezo ya video. Mimi hufuma sweta za shule kwa mashine, sebuleni kwangu, hapa Kisii mjini, na hadi mwaka juzi niliona michezo hiyo ni njia ya wanaume wazima kukwepa kuosha vyombo. Mume wangu, dereva wa lori la masafa marefu, ndiye aliyeleta ile mashine nyumbani, pamoja na mchezo mmoja wa kutisha ambao wenzake barabarani walimwambia umewatoa wengi jasho. Ukamtoa na yeye. Alikufa mara kumi na moja jioni moja, nikimhesabia bila huruma, akatupa padi ya kuchezea kwenye kochi na kusema, "Hiki kitu hakikutengenezewa binadamu." Kesho yake akapanda lori lake akaenda zake.

Sasa mimi nina tabia moja mbaya. Sipendi kushindwa na kitu kinachokula stima yangu. Siku mbili baadaye, nikingoja kuletewa uzi wa bluu, nikakaa mbele ya runinga nikauwasha.

Jameni! Uzi uliletwa, ukagongewa mlango, ukarudi ulikotoka, na mimi sikusikia.

Hadithi yenyewe ni fupi. Dada mmoja anarudi kwenye jumba la baba yake, ghorofa tatu juu ya mlima, kumtafuta kaka yake aliyepotea. Mlango unafungika nyuma yake. Ndani kuna jitu lenye mguu mmoja mzito. Jitu lile halioni vizuri lakini linasikia, hata ukigusa glasi mezani linasikia. Haliuawi. Hakuna bunduki, hakuna panga. Unachoweza kufanya ni kujua liko wapi na wewe kuwa mahali pengine. Dada ana mifuko sita tu, na kila kitu kinagombania mifuko hiyo: bandeji, kiberiti, funguo, mishumaa. Mshumaa ndio roho ya mchezo. Ukiuwasha mbele ya saa ya ukutani, mchezo unahifadhi ulipofika. Ukifa kabla ya hapo, unarudi ulikowasha wa mwisho, hata kama ni saa nzima nyuma, na mishumaa jumba zima ni ya kuhesabu kwa vidole.

Ni mchezo katili, sikatai. Lakini nimefuma sweta miaka kumi na mitano na najua kazi ya mkono nikiiona. Aliyetengeneza sauti zile ni fundi. Mbao za ghorofa ya pili hulia tofauti na za ghorofa ya tatu. Zulia humeza hatua, vigae vya jikoni huzitangaza. Nilikuwa nikijibanza kabatini, nimeshika padi kwa mikono miwili, nikisikia ule mguu ukija, ukisimama, ukifikiri. Kumbe mtu anaweza kukaa mahali akatengeneza woga, kipande kwa kipande, hadi ukatosha nyumba nzima? Nilimwogopa huyo mtu na nikamheshimu, siku ileile.

Na ajabu nyingine ni kwamba sikufa sana. Nilishangaa mwenyewe, hadi nikakumbuka nilikosomea.

Sisi Abagusii tuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima, lakini ni heshima yenye kuta na milango. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mke wa mtoto hampi baba mkwe mkono, wala hamkazii macho akizungumza. Na mtoto, hata awe na mvi kichwani, haingii chumba wanacholala wazazi wake. Siku hizi wengi wamelegeza, hasa mjini ambako unaishi chumba kimoja na mkwe wako nyuma ya pazia. Baba mkwe wangu hakulegeza hata uzi mmoja. Mwaka wa kwanza wa ndoa tuliishi kwenye boma lake, Magwagwa, na nilijifunza kumsikia. Alikuwa akikohoa mara mbili kabla ya kukata kona ya jiko, ili kama nimekaa vibaya nijiweke sawa. Mimi nami niligonganisha sufuria ili ajue niko wapi. Mwaka mzima, watu wawili, boma moja, kila mmoja anajua aliko mwenzake kila dakika, na hatukutani. Kwa hiyo jitu lile liliponianza, mwili wangu ulijua la kufanya kabla kichwa hakijaamka.

Mwaka jana figo za mzee zilikataa kazi. Ikawa kila Jumanne na kila Ijumaa lazima aje hospitali hapa Kisii, alazwe kando ya mashine saa nne nzima, damu itoke, isafishwe, irudi. Walimpimia maji kwa kikombe. Wakamkataza parachichi. Wakamkataza ndizi. Hebu fikiria: Mgusii, migomba mbele ya nyumba na nyuma ya nyumba, anaambiwa ndizi itamuua! Alivumilia miezi miwili, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekataa chai ya pili, kwamba amechoka, aachwe akae kwake.

Daktari alikuwa ametuambia bila kuzunguka. Akiacha, hatamaliza mwezi. Mume wangu alimbembeleza kwa simu akiwa mpakani, hadi akalia. Watu wa kanisa walikwenda Sabato alasiri wakamwombea, wakaimba, wakanywa chai yake. Aliwasindikiza hadi njiani, akarudi akasema hakuna aliyembadilisha mawazo. Kila siku ya kliniki shemeji yangu alimsukuma atoke kitandani kama ng'ombe wa mnada, na kila siku hatukujua kama ndiyo ya mwisho.

Akitoka kwenye mashine alikuwa hoi, hawezi kusafiri mara moja. Nyumba yangu ni mwendo wa dakika tano kutoka hospitali. Nina kochi. Nina kitanda cha wageni chenye shuka safi. Hakuingia. Aliketi verandani kwenye kiti cha plastiki, koti lake kubwa la kazi mwilini, kofia magotini, mgongo ukutani chini ya dirisha langu. Mvua ya saa tisa ikija, alisogeza kiti kidogo, basi. Nilimpelekea uji nikauweka juu ya stuli, nikarudi ndani, ndipo akauchukua. Majirani walianza kunitazama vibaya wakidhani nimemfungia mzee wa watu nje. Nilimpigia mume wangu nikafoka, "Babako atauawa na baridi kabla figo hazijapata nafasi!" Akasema, "Unamjua." Namjua, ndiyo. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikinichoma.

Jumanne moja nilichoka kuhangaika. Nilikuwa nimefuma tangu alfajiri, mgongo unalia, mzee amesinzia nje, nikajisemea acha nicheze nusu saa. Dirisha lilikuwa wazi. Dada yuko kabatini, jumba kimya, nami nikaamua hatari imepita. Nilikuwa naanza kufungua mlango wa kabati ndipo sauti ikatoka dirishani.

"Ameshuka ngazi."

Niliganda. Sikufungua. Sekunde chache baadaye ule mguu ukapita mbele ya kabati, karibu sana, ukaenda. Kama ningetoka ningekuwa maiti.

Niligeuka. Mzee alikuwa amenipa mgongo vilevile, anatazama geti. Hakuwa ameona chochote. Alikuwa anasikiliza tu.

"Nani?" nilijikuta nimeuliza.

"Huyo mwenye mguu mzito. Alikuwa juu. Sasa yuko chini, upande wa kushoto. Anayejificha asiende kushoto."

Baba mkwe wangu alikuwa soja, mlinzi wa shule ya bweni, huko Nyamira, kwa miaka thelathini. Alijua kwa hatua tu kama anayepita ni mwalimu, mwanafunzi mtoro, au mbwa wa jirani. Na alinena nami kwa Kiswahili, jambo ambalo hatukuwa tukifanya. Nafikiri Kiswahili kilimfaa kwa sababu ni lugha yake ya kazini. Kwa Ekegusii angekuwa baba mkwe anayezungumza na mke wa mwanawe. Kwa Kiswahili alikuwa soja anatoa ripoti, na ripoti haina mkwe.

Ijumaa iliyofuata hakuna aliyemsukuma. Shemeji alinipigia asubuhi, sauti juu, akasema mzee ameamka mwenyewe, amepiga viatu rangi, yuko barabarani anangoja gari. Saa sita na nusu aliketi kwenye kiti chake. Nikaweka uji juu ya stuli. Hakuugusa kwanza.

"Yule msichana," aliiuliza nondo ya dirisha, si mimi, "alitoka kabatini?"

Haki, nilikimbia kuwasha runinga kama mtu anayekimbilia mtoto aliyeanguka.

Ndivyo tulivyoanza. Niligeuza runinga ielekee dirishani, nikaweka spika juu ya ukingo wa dirisha, naye akageuza kiti chake upande, si kunitazama mimi, ni kutazama kioo cha runinga kwa pembe ya jicho. Hakusema nami moja kwa moja hata siku moja. Aliongea na nondo. "Mtu angeacha bandeji hapo, angebeba kiberiti." "Kama ningekuwa na funguo hizo ningejaribu ghalani." Mimi nami sikumjibu, nilimjibu yule dada: "Haya dada, twende ghalani." Mpita njia angedhani wote wawili hatuna akili.

Na hapo ndipo nilipoujua mchezo ule kwa undani, uzuri wake na upumbavu wake, kwa sababu mzee hakusamehe chochote. Maandishi ya mchezo ni madogo kama chawa. Ilibidi nisome kwa sauti kila barua iliyookotwa, nikiigeuza Kiswahili papo hapo, na barua zenyewe zilikuwa ndefu na za kujigamba. "Huyu baba yao alikuwa anaandika sana kwa mtu mwenye jitu nyumbani," alisema. Kuna lifti kwenye ghorofa ya chini ambayo ukiweka kitu sakafuni na kupanda, kitu kinapotea moja kwa moja. Si ujanja, ni kosa la waliotengeneza. Ilitumezea mishumaa miwili na sikulala vizuri kwa hasira. Na maktabani jitu linatokea kwenye kona isiyokuwa na mlango, eti kwa sababu hadithi inataka. Hapo mzee aliudhika kabisa.

"Amepitia wapi?"

"Ametokea tu, Tata," nilisema, nikimwita baba, nikisahau kuongea na dada.

"Huo si ujanja. Huo ni wizi."

Lakini jitu lenyewe, jitu linapoachwa litembee lenyewe, loo! Ukijificha chini ya kitanda mara mbili, mara ya tatu linainama linachungulia. Ukizoea kukimbilia jikoni, siku moja unalikuta jikoni, limetulia, linakungoja. Siku tulipogundua hilo mzee alisema kwamba kwa miaka thelathini aliwaambia walimu wakuu kwamba mwizi hujifunza nyendo za soja, na hakuna aliyemwamini, na leo analiona kwa macho yake kwenye runinga. Alivua kofia. Sisemi mzaha, alivua kofia akaiweka magotini kama yuko kanisani. Nilitazama kioo, nikatazama uso wake. Kitu kilichotengenezwa na watu tusiowajua, mbali huko, kilikuwa kimemwambia mzee wa Magwagwa kwamba alikuwa sahihi.

Tulikuwa na adui wetu wa kweli pia. Mvua ikianza tulisimamisha kila kitu, maana kwenye mabati husikii hata jitu likipiga baragumu. Na stima. Siku moja ilipotea tukiwa tumevuka bustani yote bila mshumaa, dakika hamsini za jasho. Niliwatukana watu wa stima wote na koo zao, nikasahau kabisa nani yuko dirishani. Nilipokumbuka nilitamani sakafu ipasuke. Mzee akasema, "Hata hivyo tulikuwa tumekwenda vibaya."

Halafu tukakwama.

Zilihitajika funguo za shaba ili kufungua mlango wa chini ya ardhi. Tulitafuta jumba zima. Wiki ya kwanza tulipekua ghorofa zote tatu. Wiki ya pili tukarudia, droo kwa droo. Wiki ya tatu nilianza kuutukana mchezo, nikasema umeharibika kama ile lifti, fundi wake alilewa. Mzee naye alikuwa ameanza kunung'unika kwamba hata soja mzembe haachi funguo zipotee hivi. Mume wangu akapiga simu Ijumaa mchana akiwa amepumzika njiani, nikamweleza shida yetu kwa uchungu mwingi.

"Mmetafuta chumba cha mzee?" aliuliza.

"Chumba gani?"

"Chumba anacholala baba yao. Wenzangu wanasema ni ghorofa ya pili, mlango mwekundu."

Mlango mwekundu tulikuwa tumepita mbele yake pengine mara mia. Haukuwa umefungwa. Mimi sikuufungua, na yule aliye dirishani hakusema ufunguliwe, na hakuna kati yetu aliyeona kwamba tumeuruka. Dada ni binti wa nyumba ile! Binti anaingiaje chumba cha baba yake? Mume wangu alielewa kabla sijafungua mdomo. Alicheka hadi nikasikia watu wengine huko alikokuwa wakimuuliza kuna nini. "Wiki tatu!" alisema. "Mmezunguka wiki tatu!" Nikamkatia simu.

Kwa kuwa simu ilikuwa kwenye spika, mzee alikuwa amesikia yote, sikuwa na la kueleza. Dada alisimama mbele ya mlango mwekundu. Mimi nimeshika padi, uso unawaka. Nje, kiti cha plastiki kililia. Mzee aliinuka, akachukua fimbo yake.

"Naenda kunyoosha miguu," aliiambia nondo.

Akashuka ngazi polepole, huyo, hadi getini, akasimama huko akinipa mgongo na kutazama barabara. Nikaingia chumba kile mbio. Funguo zilikuwa chini ya kitanda. Nikazitoa, nikafunga mlango, nikamrudisha dada sebuleni, ndipo nikasogeza kiti changu kwa kelele. Mzee akarudi, akaketi.

"Tuna funguo?" aliuliza.

"Tunazo."

Hakuuliza zilikuwa wapi. Nilicheka ndani ya sweta hadi machozi.

Usiku ule nilitandika kitanda nikasimama katikati ya chumba, shuka mkononi, kwa sababu wazo lilinipiga kama kofi. Wiki zile tatu za kukwama, mzee hakukosa kliniki hata moja. Hakulalamika kuhusu maji wala ndizi. Rangi yake ilikuwa imerudi. Sasa tuna funguo, na mume wangu alikuwa ameniambia, kama alivyosikia kwa wenzake, kwamba baada ya mlango wa chini ya ardhi hakuna safari ndefu. Ni ngazi, handaki, mlango wa nje, mwisho. Siku mbili tatu za kucheza. Na baada ya hapo ni nini kitakachomtoa kitandani Magwagwa?

Basi nikaanza kufa.

Jumanne nilimwangusha dada ngazini. Ijumaa nilimgonganisha na ndoo nikijua jitu liko karibu. Kila nilipokufa tulirudi nyuma sana, kwa sababu nilikuwa nimekataa kuwasha mshumaa, nikisingizia kuwa tunaubania. Ule ukatili niliokuwa nikiulaani tangu siku ya kwanza, wa kukurudisha saa nzima kwa kosa moja, sasa niliushukuru moyoni kama mtu anayeshukuru daraja. Nilikufa wiki mbili. Nilikufa kwa njia ambazo hata mume wangu hakuzijua.

Ijumaa ya wiki ya pili, dada akiwa handakini, nikagusa glasi. Jitu likaja. Kioo kikawa cheusi.

"Anayejua kutembea," alisema mzee, "haanguki mara tano mahali pamoja."

Nikabonyeza kuanza upya.

"Huyo mtu anajiangusha. Mwambieni amalize."

Hapo nikapandwa na mori, siwezi kuficha. Mori wa miezi yote, wa kiti cha plastiki, wa uji juu ya stuli, wa kumngoja kila Jumanne na kila Ijumaa nikihesabu dakika nikijiuliza kama yuko njiani au ameamua kufa. Niliinuka, nikasimama dirishani, nikamtazama usoni, mimi mke wa mwanawe, nikapaza sauti.

"Nikimaliza, Jumanne utakuja kufanya nini?"

Nikasikia nilichosema. Nikaona jirani ng'ambo ameacha kuanua nguo. Mzee hakugeuka. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya fimbo, ule wenye mshipa uliovimba kwa sindano za mashine na ule mwingine. Niliitazama mikono ile muda mrefu sana.

"Mwambieni amalize," alisema tena, polepole.

Nilirudi kwenye kiti. Nikawasha mshumaa wetu wa mwisho mbele ya saa ya ukutani, nikamwongoza dada chini, ngazi, handaki. Jitu lilitufuata hatua kwa hatua na sijawahi kucheza vizuri kama siku ile, nikilia, nikifuta macho kwa mkono wa sweta. Mzee alisema maneno manne tu. "Simama." "Bado." "Sasa." "Kulia." Tulitoka mlango wa nje.

Na mwisho wake, jameni, mwisho wake! Baada ya taabu yote ile, dada anatembea kwenye majani, mwanga mweupe, kisha majina ya watengenezaji yanapanda juu kwa muziki wa huzuni. Dakika mbili.

"Na kaka yake je?" aliuliza mzee.

"Hawakusema."

"Alikuwa anamtafuta kaka."

"Ndiyo, Tata. Hawakusema."

"Wametupunja," alisema, akainuka, akavaa kofia, akaenda zake Magwagwa. Hakuaga. Lakini hata siku nyingine hakuwa akiaga.

Jumamosi kanisani sikusikia mahubiri. Jumapili nilifuma sweta mbili zenye mikono isiyolingana. Jumatatu mume wangu alisema atampigia simu, nikamwambia asithubutu, kwa sababu kubembelezwa ndiko kulikomchosha tangu mwanzo. Jumanne sikuwasha runinga. Sikupiga hospitali kuuliza, wala kwa shemeji. Niliogopa kujua. Nilikaa kwenye mashine yangu, nikaipitisha kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, saa tano, saa sita. Nilikuwa nimepika uji na ulikuwa umepoa. Saa sita na nusu ilipita. Saa saba kasoro robo nilisimamisha mashine ili nisikie nje.

Geti likalia.

Alipanda ngazi akipumzika kwenye kila moja, bandeji nyeupe ya hospitali ikiwa bado mkononi. Akaketi kwenye kiti cha plastiki. Nikamwona akitupa jicho kwenye runinga, nayo ilikuwa nyeusi, haina mtu wa kukimbia ndani yake wala jitu la kusikilizwa. Hatukuwa na kitu chochote kati yetu. Nilifikiri nimlete uji nikaogopa kusogea. Nilifikiri niseme samahani na sikujua nianzie wapi, na kwa lugha gani.

Mzee akasogeza kiti, akakielekeza dirishani, na akasema, kwa Ekegusii, akitaja jina langu, ambalo sikuwa najua kama analijua:

"Mama yako anaendeleaje kule Mosocho?"

Miaka tisa nimeolewa kwake. Niliinuka nikavuta kiti changu hadi dirishani, nikaketi, nikaanza kumweleza.